Yakhe, usizime seva bado
Juzi umeme ulikatika hapa Chake Chake, Pemba, kama robo saa hivi, seva yetu ikabebwa na UPS (betri ya akiba) haikuzima, lakini nafika ofisini nakuta mwenzangu keshaweka kidole kwenye batani ya pawa. Nikamwambia yakhe subiri kwanza! Ndani mna mashine pepe tatu (kompyuta za programu tupu zinazoishi ndani ya seva) na moja ina hesabu za mishahara ya watu.

Hali yenyewe ni hivi: virsh, amri ya kusimamia mashine hizo kupitia programu ya libvirt, ukiiambia list inajibu vizuri, mashine zote zipo "running", lakini ukiuliza domstats (takwimu za mashine) inaganda, ukiagiza shutdown unakaa sekunde 30 halafu inakwambia "cannot acquire state change lock", yaani imeshindwa kupata kufuli ya kubadili hali ya mashine. Hapo wengi wanamlaumu libvirt. Jamani libvirt haendeshi mashine, anaeendesha ni programu ya QEMU pamoja na KVM ilomo ndani ya kerneli (kiini cha Linux), libvirt anazungumza nae tu kwa QMP, yaani ujumbe wa JSON unaopita kwenye soketi, libvirt anatuma swali lenye namba na QEMU analijibu kwa namba ile ile. Ule ujumbe wa lock maana yake kuna swali la mwanzo halijajibiwa na wewe umekaa foleni nyuma yake.

Nikafungua logi ya mazungumzo yao kwa filta hii: virt-admin daemon-log-filters "1:qemu.qemu_monitor", uzuri wake huwashi upya kitu chochote. Swali lililokwama lilishapita zamani, kwahiyo nikauliza domstats ya mashine nyengine ambayo hajaigusa mtu, na hapo nikaona kwa macho yangu: QEMU_MONITOR_SEND_MSG (swali limetumwa), query-blockstats (takwimu za diski), namba yake, halafu kimya. Hakuna RECV_REPLY, yaani jibu halikurudi. Basi alonyamaza ni QEMU sio libvirt!

Nikatazama ps (orodha ya proses), proses ya QEMU ipo D, yaani imekwama inasubiri diski, na ikiwa D mara nyingi hata kill -9, amri ya kuua proses kwa nguvu, haifui dafu. Diski zetu zipo kwenye boksi jengine kwa NFS (njia ya kusoma mafaili kupitia mtandao), nikafata kebo mpaka kwenye kiswichi cha mtandao chumba cha pili, taa zote zimezima, adapta imeungua. Nikatia adapta nyengine, haikufika dakika mbili logi ikaanza kumwaga majibu na mashine zote tatu zikaendelea pale pale zilipoishia, mishahara salama alhamdulillahi.

Kiswichi sasa nacho kipo kwenye UPS, na ile filta nimeirudisha ilivyokuwa maana inajaza diski haraka sana.