Sauti ya Pili Iko Kwenye Gumba

Kidole kinachonitesa ni cha nne. Wapiga kinanda huhesabu vidole kuanzia gumba, kwa hiyo cha nne ni kile cha pete. Jaribu mwenyewe: weka kiganja mezani, kikunje kidole cha kati mpaka kilale chini ya kiganja, vingine viache vimenyooka, halafu unyanyue cha pete peke yake. Umeona? Kinatetemeka tu pale pale. Chuo cha uuguzi tulifundishwa sababu. Kano zinazonyanyua vidole, huku mgongoni mwa kiganja, zimeungana kwa nyuzi ndogondogo, na kidole cha pete ndicho kilichofungwa na majirani zake pande zote mbili. Kwenye mtihani swali hilo lilinipa alama zangu, nikaachana nalo. Sasa nimekutana nalo tena ukubwani, kila jioni.

Mimi ni mkunga, hapa Mwanza, nina miaka 47. Kinanda nimeanza baada ya kifunga mimba wangu kwenda bweni, nyumba ikabaki na watu wazima wawili na televisheni moja wasiyokubaliana nayo. Mume wangu akabaki na televisheni. Mimi nikachukua akiba ya kikoba nikanunua kinanda cha mtumba.

Kwaya naimba tangu niko shule ya msingi, na muda wote huo nimekuwa sauti ya pili. Asiyeimba kwaya pengine hajui maisha ya sauti ya pili. Wa kwanza ndio wenye wimbo. Wakipita barabarani watu wanawafuatisha. Besi wana ngurumo yao, na sauti ya tatu, tunaowaita tena, wana vile vipengele vya kupanda juu vinavyowafanya wanyanyue videvu. Sisi, katika zile do re mi fa so la ti, tunakaa kwenye so mistari miwili mizima, tunapanda la, tunarudi so, Misa imekwisha. Ukituita tuimbe peke yetu, hakuna atakayejua ni wimbo gani. Lakini tutoe uone kitakachobaki.

Nayasema haya kwa sababu watu wakisikia najifunza kinanda uzeeni hudhani nimeanza na sifuri. Sikuanza na sifuri. Sikio langu lina zaidi ya miaka 30 kazini; vidole ndivyo vilivyozaliwa juzi. Na hapo ndipo kuna shughuli yenyewe. Mtoto wa miaka saba akibonyeza pasipotakiwa, hasikii kitu, anaendelea na furaha yake. Mimi nasikia kabla kidole hakijafika chini. Najua sauti inayotakiwa, najua kwamba ninayokwenda kuitoa siyo, na mkono umeshaondoka.

Mwalimu wangu ni kijana wa chuo kikuu anayepiga kinanda parokiani kwetu. Ana umri wa mwanangu wa kwanza. Anaingia: "Shikamoo mama." Namjibu: "Marahaba mwalimu." Hizo heshima zilitutatiza mwanzoni, kwa sababu kumsahihisha mtu uliyemwamkia dakika mbili zilizopita si rahisi. Alikuwa ananiambia, "Mama, kama hutojali, hicho kifundo cha mkono kingenyanyuka kidogo." Nami nacheza, kifundo kimelala, yeye anakitazama kwa huzuni. Siku moja uvumilivu ukamwisha akapiga kelele, "Aah, siyo hapo!" Kisha akashika mdomo: "Samahani mama." Nikamwambia: mwanangu, endelea hivyo hivyo. Mimi wanaojifungua kule wodini huwa siwaambii kama hawatajali. Nawaambia sukuma. Tangu hapo mambo yakaenda.

Siku ya kwanza kabisa aliniuliza kama nina plasta. Nikadhani amejikata. Akachukua kipande kwenye mkoba wangu wa kazini akakibandika juu ya kitufe kimoja cha kinanda, akakikandamiza vizuri pembe zote. Kilikuwa kitufe cha kuhamisha kii, yaani cha kupandisha au kushusha wimbo mzima.

Ambao hamjawahi kukaa karibu na mpiga kinanda wa kanisani, acha niwaeleze. Kwaya zetu nyingi zimelelewa na sol-fa: do re mi zilizoandikwa kwa herufi, nukta na vistari, d ikiwa do, m ikiwa mi, kistari kikimaanisha shikilia. Mfumo huo ulianzia kwa mwalimu mmoja wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, na mchungaji John Curwen akautengeneza na kuusambaza kuanzia miaka ya 1840. Wamisionari wakauleta huku. Uzuri wake ni kwamba do inahama. Mwalimu wa kwaya akisema leo do iko juu kidogo kwa sababu wa tena wana mafua, hatuulizi jina la hiyo do, tunapanda nayo. Mi ni mi, so ni so, umbali kati yao ni ule ule.

Kinanda hakiko hivyo; vibonyezo vyake vina majina ya herufi, na hayahami. Do ikikaa C, unatembea kwenye vibonyezo vyeupe tupu bila wasiwasi. Ihamishie G, ti yako inakuwa cheusi, F shapu, kile cha kulia kwa F. Ihamishie F, sasa fa ndiyo imekimbilia cheusi, B flati, kile cha kushoto kwa B. Ihamishie E flati, vyeusi ni vitatu na ramani yote mkononi imebadilika, ingawa sikioni ni wimbo ule ule niliouimba Pasaka. Ndiyo maana wapiga kinanda wengi waliojifunzia kanisani wanapiga kila kitu kwenye C, kisha wanabonyeza kile kitufe, mashine inawapandishia. Wengine huwabeza. Mimi siwabezi, kwa sababu kile kitufe ni sol-fa yetu iliyotiwa ndani ya waya: do inahama, mkono unabaki palepale. Ila mwalimu wangu anasema siku utakapokaa mbele ya piano ya mbao utatafuta kitufe hicho mpaka jioni. Plasta imebaki.

Na kweli piano ya mbao nilikuja kukaa mbele yake. Nilikuwa Arusha kwenye semina ya kazi, na hoteli ilikuwa na piano kona ya ukumbi, imewekewa chombo cha maua juu. Nikaomba, wakaniruhusu, maua yakaondolewa. Kibonyezo cha kwanza hakikutoa sauti kabisa. Nilikibonyeza kama cha nyumbani, kikashuka polepole, kimya. Kumbe cha piano kina uzito, takriban gramu 50 ndipo kishuke, na ukikishusha taratibu mno nyundo iliyoko ndani haifiki kwenye uzi. Hilo ndilo jambo lenyewe alilolitafuta Bartolomeo Cristofori kule Florence, Italia, karibu na mwaka 1700. Vinanda vilivyokuwepo kabla yake vya kukwanyua nyuzi vilitoa sauti moja tu, ubonyeze kwa hasira au kwa upole. Yeye akaweka nyundo, na nyundo inasikiliza mkono.

Ile ya Arusha ilikuwa imechuja vibaya. Sauti nyingi za piano zina nyuzi tatu tatu zinazogongwa kwa pamoja, na masika ubao wa ndani unakunywa unyevu unavimba, kiangazi unasinyaa, nyuzi zinaachana. Nikigonga moja nasikia tatu zinabishana. Mhudumu akaniambia, "Mama umepiga vizuri sana." Nilikuwa nimepiga do mpaka so.

Turudi nyumbani. Zamu zangu ni za kupokezana, kwa hiyo nafanya mazoezi saa ambazo watu wenye akili timamu wamelala. Navaa hedifoni. Sauti yote inaingia masikioni kwangu, na chumbani kinachosikika ni plastiki ikigonga plastiki. Mume wangu anasema ni kama kulala jirani na karani anayechapa barua kwa taipureta, tena karani asiyejua kuchapa. Nilipoanza nilitaka kufanya saa nzima kwa mkupuo, Jumapili mchana, mwili ukaniambia ukweli. Dakika 20 baada ya zamu, mkono mmoja mmoja, polepole kuliko unavyoona ni heshima, zinafanya kazi kuliko Jumapili nzima. Na kulala nako kunafanya kazi. Jambo lililokataa usiku, asubuhi mara nyingi nakuta limekubali lenyewe.

Maandishi ya nota, ile mistari mitano, yalinitisha kuliko vidole, lakini yamekuwa mepesi. Nyimbo zetu nyingi za Kikatoliki zipo bure kwenye tovuti ya Swahili Music Notes, nota kamili, sauti zote nne. Nachukua wimbo ninaoujua kwa moyo, naandika do re mi zangu kwa penseli chini ya nota, mwalimu anapitia anafuta nusu. Wiki inayofuata anafuta nusu nyingine. Nota zenyewe zinabaki, na nakuta nimezizoea.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Wimbo wa sauti nne ukiugawa kwenye mikono miwili, wa kulia unabeba ya kwanza na ya pili, wa kushoto unabeba ya tena na ya besi. Nilihangaika na wimbo mmoja mfupi wa matoleo. Mkono wa kulia ulikuwa unapiga sauti mbili na mimi nasikia tope. Mwalimu akasema, "Imba mama, imba huku unapiga." Nikaimba. Bila kufikiri nikaimba yangu, ya pili, na gumba likaanza kutembea nayo. La kwenye la, so kwenye so. Nikainama nikatazama. Sauti ya pili yote iko pale, chini ya gumba na mara nyingine kidole cha pili, sehemu ya ndani ya mkono, katikati ya kinanda. Zaidi ya miaka 30 naimba kitu na sasa nakiona kimelala wapi.

Furaha ikanizidi, nikapiga wimbo wote mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. Mwalimu alisikiliza kwa adabu, akakuna kichwa. "Mama, imetoka. Ila wimbo siusikii."

Wimbo, yaani sauti ya kwanza. Kumbe maumbile ya mkono yamewapa wa kwanza kidole cha nne na cha tano, vile vidhaifu, na sisi wa pili yametupa gumba, pande la mkono lenye nguvu kuliko yote. Kwa kupiga tu hivi hivi bila kujizuia, sauti ya pili inawafunika. Nilicheka mpaka basi. Nikawasimulia mazoezini Alhamisi. Wa pili wakashangilia, wa kwanza wakasema hicho kinanda kina kasoro.

Kazi yangu sasa ni kulinyamazisha gumba na kukitegemeza kile kidole cha nne. Mwalimu hanipi mazoezi ya nguvu. Anasema nguvu haitoki kwenye kidole, uzito wa mkono mzima ndio uegemee upande wa nje, kidole kiupokee tu. Nikamuuliza kuhusu vile vifaa vya kunyoosha vidole ninavyoviona mtandaoni. Akanisimulia habari za Robert Schumann, mtunzi Mjerumani wa karne ya 19, aliyetaka kuwa mpiga piano mkubwa, mkono wake wa kulia ukaharibika akiwa kijana, na kifaa alichokuwa akikitumia kuimarisha kidole kikatajwa miongoni mwa sababu. Akaishia kutunga, mkewe Clara akawa ndiye mpigaji. Mimi bado nahitaji mikono hii wodini, sitanunua kifaa.

Wenzangu wawili kazini wameniuliza wanunue kinanda gani. Changu kina vibonyezo 61; piano kamili ina 88. Kwa nyimbo za kwaya 61 zinatosha na kubaki, maana kutoka besi wa chini kabisa mpaka wa kwanza wakipasua hazifiki oktavu tano (oktavu moja ni kutoka do mpaka do inayofuata). Usihangaike na idadi ya midundo na milio ya tarumbeta ambayo muuzaji atakusifia. Muulize kitu kimoja: nikibonyeza kwa upole na nikibonyeza kwa nguvu, sauti inatofautiana? Kama haitofautiani, kiache hapo hapo dukani, hata akikupunguzia bei. Na kijaribu kwa hedifoni, maana tundu lake ndilo hufa kwanza kwenye mitumba.

Kwa sasa mwalimu yuko kwenye mitihani, ameniachia wimbo wenye do kwenye G na akaondoka. Ukurasa wa pili nimekwama. Besi wako kwenye ti ya chini, ile F shapu, na wa tena wako juu kwenye fa, zaidi ya oktavu moja kutoka hapo. Mkono wangu wa kushoto unashika oktavu, nako kwa kunyoosha. Basi fa ya tena inabidi ichukuliwe na mkono wa kulia, kwa gumba. Lakini gumba ni letu, tuko kwenye so. Na kidole cha tano kimeshikilia re ya wa kwanza, huwezi kukisogeza.

Nikamtumia ujumbe wa sauti kulalamika kwamba wa tena wamekuja kunyang'anya gumba. Akajibu usiku akiwa anajisomea: "Shikamoo mama. Fa na so zimepakana, vyote vyeupe. Laza gumba kwenye mpaka, libonyeze vyote viwili." Nimejaribu. Linaingia, ila ukucha unagonga, inabidi niukate.