Siku moja maishani mwangu: mpika polima wa sola, Linköping

Saa moja asubuhi. Desemba ya Uswidi: nje giza totoro. Nikifika maabara, koti sijavua, nachungulia kwanza mtambo wa kusafishia uliochemka usiku kucha. Polima ghafi (molekuli ndefu kama minyororo, jamii ya plastiki, ila hii hugeuza mwanga kuwa umeme) imo ndani ya kifuko cha karatasi nzito. Chini kiyeyushi kinachemka, mvuke unapanda, unapoa na kudondokea kifuko. Chombo kikijaa kinajimwaga chenyewe, mzunguko unaanza upya. Viyeyushi tunabadilisha kwa zamu: tulianza na methanoli, zikafuata asetoni na heksani. Hizo huondoa mabaki ya paladiamu (metali ya kichocheo), kampaundi za metali ya bati (sumu hizo, si za mchezo) na minyororo mifupi ya polima ambayo haitufai. Heksani ikiwa bado inashuka na rangi, naiacha iendelee. Leo inashuka safi, basi nabadilisha, naweka klorofomu. Dakika chache tu, inaanza kushuka bluu iliyokaribia weusi: ndiyo polima yenyewe.

Saa tatu. Naimwaga ile bluu kidogo kidogo ndani ya methanoli. Inaganda papo hapo, nyuzinyuzi zinaelea. Nachuja, natia kwenye ombwe ikauke. Sehemu hii siichoki.

Kwa asiyejua: uti wa polima hii ni pete zenye salfa zilizoshikana, na elektroni husafiri humo. Uti mtupu hauyeyuki, utabaki unga tu. Kwa hiyo tunaupachika matawi ya kaboni na haidrojeni. Matawi mafupi mno, polima inagoma kuyeyuka. Marefu mno, yanajaza nafasi bure maana yenyewe hayapitishi umeme. Mshahara wangu, kusema kweli, nalipwa kwa kubishana na matawi.

Saa nne. Sanduku la glavu, yaani kasha lililofungwa ambalo unaingiza mikono kwa glavu zake, ndani nitrojeni tupu. Natumia polima ya wiki iliyopita, iliyokwisha kauka, nikiichanganya na molekuli ya kupokea elektroni. Nina wino wa aina mbili: mmoja wa klorofomu, mwingine wa zaileni. Tone moja kwenye kioo, kioo kinazungushwa kwa kasi, na unabaki utando wa takriban nanomita 100. Unywele mmoja ni mnene kuliko huo mara mia kadhaa.

Kwa nini nahangaika na zaileni wakati klorofomu inafanya vizuri? Kwa sababu klorofomu inashukiwa kusababisha saratani, na huwezi kuivukiza kwa malita kiwandani watu wakiwa kazini. Tena inachemka kwa nyuzi 61 tu, inakaukia kwenye mdomo wa mashine. Mwaka 2019 mchanganyiko wa PM6 (polima) na Y6 (molekuli ya kupokea elektroni) ulitangazwa kugeuza asilimia 15.7 ya mwanga kuwa umeme, na toka hapo watu wanakimbizana na asilimia. Sawa, lakini rekodi nyingi ni za seli ndogo kuliko ukucha. Mimi nitaipigia makofi polima ya asilimia chache zaidi chini, mradi itandazike kwa mita kwenye plastiki.

Saa saba mchana. Vioo viko kwenye mashine ya kuvukizia metali ya fedha, iwe ncha ya kutolea umeme; mimi nakula. Mjomba, fundi sola Tanga, kapiga.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hiyo sola yako ya plastiki inawasha friji?"

"Bado."

"Basi acha niendelee kuuza za kioo."

Hana kosa. Za silikoni zinakaa juu ya bati miaka 25. Zetu oksijeni na mwanga vinazila mapema.

Saa tisa. Jua la Linköping linazama, mimi nawasha la kwangu: taa inayoiga wati 1,000 kwa mita ya mraba. Volti za seli zote zinalingana. Mkondo wa zile za zaileni umeshuka waziwazi.

Najua pa kuangalia. Zaileni inachemka kwa takriban nyuzi 140, utando unakauka taratibu, molekuli zinapata muda wa kujikusanya mabonge. Nishati ya mwanga ndani ya polima husafiri kama nanomita 10 tu kabla ya kupotea. Bonge likiwa kubwa, haifiki mpakani mwa polima na ile molekuli ya kupokea elektroni, inakotenganishwa kuwa umeme. Darubini ya ncha, inayopapasa utando kwa sindano nyembamba mno, inaonyesha hivyo hivyo: mabonge.

Saa kumi na mbili jioni. Nimeweka sahani ya moto ndani ya sanduku. Kesho wino na kioo vyote vinapashwa kabla ya kutandaza, utando ukauke haraka. Ikigoma, narudi kwenye matawi.