Nilivyoanza kusoma noti kwenye gitaa bila mkono kuganda

Sisi tuliokulia kwaya tunasoma do-re-mi vizuri tu. Taabu yangu ilianza kwenye mistari mitano ya kuandikia noti, zinazotajwa kwa herufi A hadi G: jina la noti nilikuwa nalijua, lakini mkono wa kushoto unaganda, haujui uende wapi.

Nilijaribu kukariri mistari kuanzia chini kwenda juu. Nikawa nahesabu badala ya kupiga. Tabo, yaani maandishi ya namba za pa kubonyeza kila uzi, nayo ilinionyesha pa kubonyeza tu, bila jina la noti.

Kumbe kinachochanganya ni kwamba kwenye gitaa noti moja ina makazi mengi. E ya uzi wa kwanza (ule mwembamba kabisa) ulio wazi, yaani usiobonyezwa, ipo pia freti ya 5 (freti ni vile vipande vya shingo ya gitaa vinavyotengwa na vyuma) ya uzi wa pili, na freti ya 9 ya uzi wa tatu. Basi nikajifungia kwenye freti tatu za mwanzo, na kushika nyuzi tatu zilizo wazi kama vituo: G ni mstari wa pili kutoka chini, pale inapojikunja ile alama kubwa ya mwanzo wa mistari, B ni mstari wa katikati, E ni nafasi ya juu kabisa. Uzi wa kwanza ukawa E, F, G kwa freti 0 (uzi wazi), 1, 3. Wa pili B, C, D, freti zilezile. Wa tatu G na A, freti 0 na 2.

Kilichofungua mkono hasa ni kutaja jina kwa sauti kabla ya kugusa uzi, polepole. Herufi, si do: do tuliyoimba kwaya huhama na ufunguo wa wimbo, yaani sauti unapoanzia, C haihami.

Ukipiga na mwenye kinanda, usishtuke: gitaa husikika oktavu moja (noti ileile, ngazi nane) chini ya linavyoandikwa.