Mkataba ulipofika, rafiki yangu akaondoka

Leo nimepita Tukuyu, wilayani Rungwe, mvua ile ile isiyoisha, nikakumbuka miaka yangu ya kuchuma chai. Nilichuma safu moja na kaka mmoja kutoka ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Malawi. Kingonde chake na Kinyakyusa chetu ni karibu sana, ukimsikia sokoni huwezi kujua ni mgeni. Tulilipwa kwa kilo. Yeye alikatwa kidogo kila siku pale mizani na hakusema neno. Angesema nini? Hakuwa na karatasi yoyote.

Baadaye tukafungua tawi la chama cha wafanyakazi. Mimi mwenyewe nilizunguka kuomba saini, nikijua natutetea wote. Tukadai mikataba ya maandishi, tukaipata. Lakini mkataba unataka kitambulisho, na kwa mgeni unataka kibali cha kazi. Sheria ya Ajira za Wageni ya 2015 inataka mwajiri aonyeshe kwanza kwamba Mtanzania wa kazi hiyo amekosekana. Kwa kuchuma chai, Rungwe? Nani atakosekana!

Ajabu ni kwamba sheria ya kazi ya 2004 inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Sisi kwenye tawi hatukuwahi hata kumuuliza.

Aliondoka Jumatatu kuelekea mpakani Kasumulu, kapu kaniachia mimi. “Ndaga fijo,” akasema. Sijui alinishukuru kwa lipi.