Ampea Tulizozikataa

Mwalimu alitaka altaneta ya ampea 120, ile mashine inayozungushwa na injini ili kuchaji betri; ampea ni kipimo cha wingi wa umeme inaoutoa. Alikuwa ameshaiona kwenye duka la vipuri kule Birere, hapa Goma, imetolewa kwenye gari, bei haina maneno, akanipigia simu akiwa bado mbele ya muuzaji. “Fundi, si hii ndiyo kubwa kuliko zote?” Nikamwambia, “Mwalimu, usilipe kwanza. Tukutane kwenye mashua.”

Mashua yake ni ya tanga, na ndani imebeba injini ya dizeli ya silinda tatu, nguvu farasi 20. Asubuhi ziwa linapokuwa shwari, injini ndiyo inayomfikisha kisiwa cha Idjwi. Mchana upepo ukianza anaizima, anapandisha tanga, na kuanzia hapo kila kitu kinaishi kwa betri: friji ya samaki, taa, pampu ya kutoa maji. Binti yake amemletea kutoka Kampala betri ya lithiamu ya ampea-saa 200. Betri nzuri sana. Ila altaneta iliyokuja na injini imeandikwa ampea 55, nayo ilitengenezwa kwa kazi ndogo tu, kurudisha kile ambacho stata, mota ya kuwashia injini, imekula.

Nilimwonyesha kwa kipimo. Dakika za kwanza ilitoa 48. Ilipopata moto ikashuka hadi 33, na mwili wake ukapita nyuzi 100. Namba iliyoandikwa kwenye altaneta ni ya chuma kilichopoa kinachozunguka kwa kasi kubwa. Betri ya asidi huwa na huruma nayo, maana ikikaribia kujaa inapunguza yenyewe umeme inaoupokea, na altaneta inapumua. Lithiamu haipunguzi. Inavuta kwa nguvu ileile mpaka karibu na mwisho, na altaneta ya kawaida inaendelea kutoa hadi koili zinaungua.

Kwa hiyo Mwalimu alikuwa na haki kutaka kubadilisha. Tulichobishania ni ukubwa, na hapa nataka kuandika polepole, kwa sababu naona watu wengi bandarini wakinunua ampea bila kuuliza zinatoka wapi.

Ampea 120 kwa volti 14 ni wati 1,680. Altaneta yenyewe inapoteza karibu nusu ya nguvu inayopewa, inageuka joto. Ili itoe wati hizo, injini inabidi isukume kama wati 3,000, yaani farasi nne. Kwenye karatasi, nne kutoka 20 si neno. Lakini farasi 20 ni hesabu ya pwani, usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko juu karibu mita 1,460. Hewa yetu ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, yaani pampu ya kuisukumia hewa, inapoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Hapa Goma ile 20 imebaki kama 17. Tena 17 hizo zinapatikana injini ikikimbia sana. Kwenye mizunguko 1,200 kwa dakika, unapoikaribia gati polepole, iliyobaki ni kidogo mno. Kuibebesha ampea 120 wakati huo ni kama kumwongezea mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, gunia la pili katikati ya mlima. Itatoa moshi mweusi, pengine izime, na utakuwa umbali wa mita chache kutoka kwenye mawe ya lava.

Hewa nyepesi inaumiza mara ya pili pia. Altaneta inapozwa kwa feni, na hewa kidogo inaondoa joto kidogo.

Tukachukua ya ampea 80, tukaibana isipite 60. Regulita ya ndani, kifaa kinachopanga altaneta itoe umeme kiasi gani, tumeiondoa, tumeweka ya nje yenye sensa ya joto iliyofungwa kwenye mwili wa altaneta. Moto ukizidi, inapunguza yenyewe. Inachukua farasi mbili badala ya nne. Mkanda wa kawaida wa milimita 10 unaiweza. Ile ya 120 ingetaka mkanda mpana wa mifereji na puli mpya, na sehemu ya mbele ya injini ile haina nafasi. Kazi iliyonichosha ilikuwa breketi, chuma kinachoishika altaneta kwenye injini. Fundi wa kuchomelea aliirudia mpaka puli zikalingana sawasawa, kwani zikipishana hata kidogo mkanda unasagika na kumwaga vumbi jeusi.

Waya mpya ni wa milimita mraba 35, na fyuzi iko karibu na betri, kwa sababu betri ndiyo inayoweza kumwaga mamia ya ampea waya ukigusa chuma. Kuna waya mwingine mwembamba ambao naupenda kuliko yote: unatoka kwenye kidhibiti cha betri kwenda kwenye regulita. Betri ikitaka kujikata, inaizima altaneta kwanza. Bila huo, umeme unaokosa pa kwenda unapanda ghafla na kuua dayodi za ndani ya altaneta. Geji ya mizunguko ya injini nayo ilianza kusoma vibaya, maana inachukua ishara kutoka kwenye altaneta. Nimeirekebisha.

Mji huu haujasahau boti iliyozama mbele ya bandari ya Kituku Oktoba 2024, watu wakiitazama kutoka ufukweni. Ile ilijaza watu kupita kiasi, hadithi yake si ya umeme. Lakini tangu hapo siwezi kuona pampu na taa kama mapambo. Usiku wavuvi wa sambaza, vile visamaki vidogo, wako katikati ya ziwa na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja, nyavu zimeshuka. Ni lazima wakuone unakuja.

Leo tumeijaribu kuelekea Sake na kurudi. Ampea 58, ikatulia hapo, nyuzi 85, injini haikulalamika. “Sasa nimekuelewa, fundi,” Mwalimu alisema. Mkanda mpya unalegea saa za mwanzo, kwa hiyo nitarudi kuukaza. Na tumeanza ubishi mwingine: paneli ya jua, ambayo haitaomba farasi hata mmoja. Yeye anaitaka juu ya paa la chumba. Mimi naitaka nyuma, kwenye usukani, tanga lisiitie kivuli.