Siku msuli uliponivuka Mikindani

Ilikuwa Januari 2018, saa saba mchana, kwenye mchanga wa Mikindani, pwani ya kusini ya Tanzania. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika ndoo ya barafu ya kuhifadhia samaki. Nilihisi kitu kinalegea kiunoni, nikapiga hatua mbili zaidi nikidhani kitajishika chenyewe, hatua ya tatu msuli, ile nguo ya wanaume ya kufunga kiunoni, ukawa miguuni. Wahenga wanasema mvuliwa nguo huchutama, nami nikachutama hapo hapo, barafu ikamwagika. Ndani nilikuwa na bukta, ndiyo maana ninaweza kuyaandika haya.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Asubuhi jua likatoka kali, na kufika adhuhuri ghuba nzima ilikuwa kama sufuria iliyofunikwa. Vitabu vya shule huita miezi hii majira ya joto. Sisi tunasema kaskazi, kwa jina la upepo wake, ingawa siku hiyo upepo wenyewe haukuwapo. Nilikuwa nimekuja kwa daladala kutoka Mtwara mjini, kilomita kama kumi tu, nimevaa suruali ya jinzi. Nilipoteremka sikuweza kufunga mapaja. Harara ilikuwa imenitoka sehemu zile zile inapotoka kwa kila mvaa jinzi wa pwani: kwenye mkanda, nyuma ya magoti, na pale mishono minne ya suruali inapokutana.

Mjomba wangu ni fundi cherehani. Aliniona kutoka barazani kwake nikija nimepanua miguu.

"Mjomba, mbona watembea kama mwali wa jando?"

(Kwetu mjomba na mpwa huitana mjomba, wote wawili.)

Utani wake ulikuwa na maana. Mtoto akitoka kutahiriwa hafungiwi suruali. Huvikwa shuka, kidonda kipate hewa na kisisuguliwe. Mjomba alisema harara nayo ni hivyo hivyo: jasho limekosa njia ya kutoka, vitundu vyake vimeziba, ngozi inavimba vipele. Dawa ni maji baridi, kujikausha vizuri, na nguo inayopwaya. Mafuta mazito ya mgando usipake, maana yanaziba hata vile vitundu vilivyobaki. Basi nikavuka barabara, nikanunua msuli wa kwanza niliopewa dukani, mpya, unang'aa, wa drafti ya buluu na kijani. Nikaufunga kama nilivyodhani unafungwa, nikateremka pwani kusaidia kubeba barafu. Kilichofuata nimekwisha kukisema.

Mjomba hakucheka sana. Mkewe ndiye aliyecheka, kutoka dirishani, na bado anacheka. Mjomba alinikalisha, akanipa kikoi chake cha kujisitiri, akauchukua ule msuli akaanza kuukagua kama fundi anayetafuta kwa nini shati limepasuka.

Kwanza alichomoa uzi mmoja kwenye ukingo, akauwasha kwa kiberiti. Haukuwaka kama uzi. Ulijikunja, ukayeyuka, ukaacha kitone kigumu cheusi ambacho ukikibinya kwa kucha hakivunjiki. Akachomoa uzi wa pili kutoka kwenye kikoi. Huo uliwaka upesi, ukanuka karatasi iliyoungua, ukaacha majivu laini yanayopeperuka. "Huu ni pamba. Wako una tetroni nyingi, uzi wa plastiki." Pamba hunywa jasho na kuliachia hewani, na jasho likiondoka huondoka na joto la mwili. Tetroni hainywi. Jasho hubaki juu ya ngozi, kitambaa kinanata kwenye mapaja na kuteleza kiunoni, kinyume kabisa cha unachotaka. Jaribio hili hufanywa dukani kabla ya kulipa, si nyumbani, na muuza duka mzuri atakuruhusu uchomoe uzi mmoja. Akikataa umekwisha kupata jibu.

Pili, aliutumbukiza kwenye beseni. Maji yakabadilika, yakawa kama ya kuoshea mchele. Huo ni wanga wanaoupaka kiwandani ili nguo ikae ngumu na kung'aa rafuni. Msuli wenye wanga haujikunji, unavunjika kama karatasi, na mkunjo wa kiunoni unafunguka wenyewe. Msuli mpya hulowekwa usiku kucha kisha hufuliwa peke yake mara mbili au tatu, mpaka maji yatoke safi. Rangi inayochuja itachuja hapo, na pamba inayopungua itapungua hapo. Ndiyo maana fundi mwenye akili haungi ncha mbili za msuli kabla haujalowekwa: ukipungua baada ya mshono, mshono wenyewe haupungui, unabaki umejikunyata kama uso wa aliyelamba ndimu.

Tatu, alipima mzingo. Msuli ni mfereji tu wa kitambaa, juu wazi na chini wazi, hauna mkanda wala lastiki. Kinachoushikilia ni kitambaa kilichozidi. Kanuni yake: pima nyonga, zidisha mara mbili, ongeza shubiri moja. Nyonga zangu sentimita 95, kwa hiyo 190, na shubiri ya mjomba ni kama 20, jumla 210. Ule wa dukani ulikuwa 240. Ukizidi sana, mkunjo wa mbele unakuwa mnene kama kata ya kubebea mtungi, na kitu kinene hakikazi. Ukipungua, unapiga hatua za kuku aliyefungwa miguu.

Nne, mahali pa kufunga. Mimi niliufunga chini, kwenye nyonga, kama jinzi. Hapo ni mteremko. Msuli hufungwa usawa wa kitovu, pale mwili unapobana juu ya mfupa wa nyonga, ili mfupa uwe kigingi. Mwenye kitambi ana mahali pake pengine, chini ya tumbo mbele na juu nyuma, lakini huyo hafundishwi siku moja.

Na tano, ambalo kwa mjomba lilikuwa kosa kubwa kuliko yote manne, nilikuwa nimefutika simu kwenye mkunjo wa kiunoni. Noti mbili tatu zilizokunjwa, sawa. Simu ina uzito na ina kingo. Kila hatua inajipigapiga, inausokotoa mkunjo kuelekea nje. Maji ya barafu yalipokidondokea, kitambaa kikalowa, kazi ikaisha.

Hapo nikamsimulia habari iliyotoka Juni ya mwaka uliotangulia: madereva wa mabasi wa Nantes, Ufaransa, walikatazwa kuvaa kaptura wakati wa joto kali, wakaamua kuvaa sketi, kwa sababu sketi zilikuwamo kwenye sare za kampuni na sheria haikusema ni za nani. Mwezi huo huo wavulana wa shule moja ya Exeter, Uingereza, nao walifanya vivyo hivyo. Mjomba alisikiliza kwa makini yote. Halafu akauliza, "Na simu waliziweka wapi?"

Kwamba mwanamume avae sketi halikumshangaza hata kidogo. Kuanzia hapa hadi Bara Hindi, Myanmar na Indonesia wanaume wanavaa kitambaa cha duara kiunoni, kila mmoja ana jina lake na fundo lake. Waskoti wanavaa yao ya sufu, yadi kama nane za kitambaa zimekunjwa marinda, ila hiyo ni ya baridi. Ukiivaa Mikindani Januari utazirai kabla ya kufika sokoni.

Jirani yake muuza samaki alikuwa na mizani. Mjomba, mtu wa ubishi, alichukua jinzi yangu akaitundika: gramu 800 kasoro kidogo, pamoja na jasho. Akatundika kikoi: haikufika 300. Lakini akasema uzito ni nusu tu ya hoja. Nusu nyingine ni kwamba nguo iliyo wazi chini inafanya kazi ya mvukuto wa mhunzi. Mguu ukienda mbele, pindo linapanuka, hewa inaingia. Mguu ukirudi, kitambaa kinalala, hewa ya moto inasukumwa nje. Suruali haiwezi hilo, maana kila mguu umefungwa peke yake na juu pamebanwa mkanda. Ndiyo maana hata siku isiyo na upepo mvaa msuli ana upepo wake, mradi anatembea. Akikaa tu, faida inapungua.

Kisha akatoa kwenye sanduku lake kitambaa cha pamba, kilichokwisha kulowekwa na kuanikwa kivulini, akakiunga mbele yangu. Alibadilisha sindano kwanza. Namba 14 iliyokuwamo, aliyoshonea jinzi, ingeacha matundu kwenye kitambaa chepesi, akaweka namba 11. Akalinganisha drafti za pande mbili, mstari kwa mstari, akabana kwa pini. Upande mmoja aliuacha umezidi sentimita moja na nusu, akaukunja kuufunika mwenzake, akashona mara mbili sambamba, mishono kumi kwa inchi, ili nyuzi zisiachie na mshono usisugue mapaja. Wengi hushona mstari mmoja na kukata uzi, dakika mbili. Huo ndio unaochanika siku ya kuchutama.

Kufunga nako akanifundisha pole pole, akinipiga kofi la mkono nilipokosea. Vaa kupitia kichwani, si miguuni, usibebe matope. Mshono ukae nyuma. Simama miguu imeachana upana wa mabega, kwa sababu upana utakaousimamia ndio upana wa hatua utakazopata. Mimi nilikuwa nimesimama kama askari wa gwaride. Nyanyua ukingo wa juu upite kitovu kwa shubiri moja na vidole. Vuta kitambaa chote kilichozidi kwenda kulia mpaka ubavu wa kushoto ukaze. Kikunje kirudi kushoto, kilale bapa juu ya tumbo, bila kimvungu. Kiganja cha kushoto kishike hapo hapo, kisiondoke. Sasa vuta tumbo ndani kidogo na ukunje ukingo wa juu kuelekea nje na chini, mara tatu, kila mkunjo vidole vinne, kuanzia nyonga hadi nyonga na si katikati tu. Achia tumbo. Tumbo lenyewe litausukuma mkunjo na kuukaza.

Hesabu yake inakubali. Kitambaa kina kimo cha sentimita 120, mikunjo mitatu inakula kama 21, panabaki 99, na kwa mtu wa kimo changu hiyo ni kifundo cha mguu barabara. Pindo la mbele liwe juu kidogo kuliko la nyuma. Likishuka mbele utalikanyaga kwenye ngazi, na msuli ukikanyagwa hauna mjadala.

Alinijaribu. Akanitaka nichutame, niinuke, nirukie mtaro, nikohoe. Kikohozi ndicho kinachoumbua. Ulishika. Akaniambia nikirudi pwani kwa kazi ya maji nipige uwinda: shika pindo la nyuma, lipitishe katikati ya miguu, lipandishe mbele, ulifutike kwenye mkunjo. Hapo msuli umekuwa kaptura na unaweza kuvuta jarife au kusukuma ngalawa. Kikoi, kwa kuwa hakikuungwa, kina hewa zaidi lakini kinafunguka ubavuni. Hicho ni cha nyumbani na cha kulalia. Juu vaa fulana ya pamba ya mikono kata au shati pana lisilochomekwa. Kuhusu kanzu za tetroni zinazouzwa siku hizi ana maneno makali ambayo sitayaandika.

Nilirudi pwani, nikaomba radhi kwa barafu ya watu, nikabeba ndoo mbili. Jioni mjomba alinisindikiza hadi barabarani. Simu ilikuwa kwenye mfuko wa shati, jinzi kwenye rambo, nzito. Daladala iliposimama, ngazi yake ikiwa juu kama kawaida, alinikumbusha kitu cha mwisho:

"Pindo la mbele, vidole viwili, mkono wa kulia. Wa kushoto ushike mlango. Na ukikaa, kusanya kitambaa katikati ya mapaja kwanza, usije ukakalia cha jirani."

Nikapanda. Konda alinitazama kiunoni, akanitazama usoni, akasema, "Shikamoo mzee."