Mba wa kijibwa cha kilo 5.2: kumbukumbu ya wiki 12

Wiki ya 0

Jike, kilo 5.2, chakula chake wali na dagaa wakavu. Mgongo umejaa mba kuanzia mabegani hadi shina la mkia. Hakuna kilichonunuliwa bado, wala mafuta ya samaki yatakayofuata. Ametandikiwa kitambaa cheusi, akachanwa kwa kitana cha chawa mara 20, na kilichoanguka kikaangaliwa juani. Punje nyeusi zinazoacha wekundu kwenye karatasi iliyoloa ni kinyesi cha viroboto. Mba unaotembea ni utitiri. Duara lisilo na manyoya huenda likawa fangasi. Ukiona mojawapo ya hayo, au ngozi inanuka na kunata, nenda kwa daktari wa mifugo. Mafuta ya samaki hayatakusaidia kitu. Hapa palikuwa na magamba makavu tu.

Kipimo ni alama 0 hadi 3 katika sehemu nne: shingo, mgongo, kiuno, shina la mkia. Jumla leo: 9 kati ya 12.

Lililobadilishwa kwanza halina gharama. Alikuwa anakogeshwa kila wiki kwa sabuni ya mche, ambayo ina magadi makali na huondoa mafuta ya ngozi yote. Imesimamishwa. Akitoka pwani anasuuzwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, basi.

Wiki ya 2

Alama 8. Sabuni ilikuwa na mchango wake, lakini si yote.

Sasa chakula. Dagaa wetu huchemshwa kwa maji ya chumvi kisha huanikwa, kwa hiyo wanarowekwa nusu saa, maji yanamwagwa, wanarowekwa tena. Wana protini nzuri, ila mafuta yao yameshapigwa na jua na hewa, na omega-3, mafuta ya samaki yanayosaidia ngozi, haipendi vyote viwili. Usiwahesabu kama kirutubisho. Dagaa wabichi ni afadhali, lakini wapikwe: baadhi ya samaki wa jamii hiyo wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na moto ndio unaokiua. Isitoshe dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka hawapatikani, na dozi ya kila siku haiwezi kungoja mwezi.

Wali mweupe hauna mafuta ya maana, kwa hiyo asidi ya linoleiki, ambayo mwili wa mbwa hauwezi kuitengeneza, inapungua. Hiyo peke yake hukausha ngozi. Imeongezwa nusu kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti kwa siku, yaani takriban kalori 20. Kijiko kizima ni kalori 40, karibu sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku cha mbwa wa ukubwa huu. Anayelisha ugali wa dona aangalie pia zinki, kwani pumba huizuia isifyonzwe. Dalili yake ni magamba magumu kuzunguka macho na mdomo. Vidonge vya zinki usivikisie mwenyewe, vikizidi ni sumu.

Wiki ya 4: kuchagua

Alama 7. Kila mtu atakwambia mafuta ya nazi. Kwa kupaka sawa, lakini karibu yote ni mafuta mazito na omega-3 hamna. Mbegu za kitani zina omega-3 ya mimea, ambayo mbwa huigeuza kidogo mno kuwa EPA, omega-3 ya samaki ambayo huenda pamoja na nyingine iitwayo DHA. Mafuta ya ini la samaki yana vitamini A na D, ambazo hulimbikizana mwilini. Kwa kilo 5 ni rahisi kupitiliza. Vidonge vya watu vya "nywele, ngozi na kucha" viache, hasa vya kutafuna vyenye ladha tamu: vikiwa na zailitoli, kitamu kinachotumika badala ya sukari, vinaweza kuua mbwa.

Yamebaki mafuta ya mwili wa samaki. Hapa ndipo wengi hukosea. "1000 mg" iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni uzito wa mafuta. Geuza kopo usome nyuma: EPA 180, DHA 120. Jumla 300, na hiyo ndiyo namba ya kufanyia hesabu.

Dozi ya ngozi ni mg 125 za EPA na DHA zikizidishwa kwa uzito uliopunguzwa kihesabu (kilo kwa kipeo cha 0.75). Kwa simu: 5.2 × 5.2 × 5.2 = 140.6; bonyeza kipeuo cha pili (√) mara mbili, unapata 3.44. Zidisha kwa 125: mg 430. Kikomo cha juu ni 370 × 3.44, karibu mg 1270. Kwa hiyo kidonge kimoja leo, viwili kesho, wastani mg 450. Ukinunua ya chupa yenye nguvu hiyohiyo, ml 1 ina takriban mg 276. Vuta ml 1.5 kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Wiki ya 5

Kinyesi kimelainika siku ya tatu. Kosa letu: tulianza na dozi kamili. Alisimamishwa siku mbili, akarudishwa kwa kidonge kimoja kila baada ya siku moja, kikiongezwa taratibu kwa siku kumi. Kidonge kinatobolewa juu ya wali uliopoa, kamwe si chunguni.

Wiki ya 8

Alama 6. Msikate tamaa hapa. Wiki sita hadi nane ndiyo desturi, na dozi kamili ina wiki mbili tu. Uzito 5.4, kwa hiyo wali umepunguzwa vijiko viwili vya chakula.

Kidonge kimoja kilinuka rangi ya mlango, yaani mafuta yameharibika. Kopo lilikuwa juu ya kabati la jikoni, na joto la kaskazi halisamehi. Limetupwa. Jipya limewekwa kwenye friji, tarehe ya kufunguliwa imeandikwa kwenye kifuniko.

Wiki ya 12

Alama 3, zote kiunoni na mkiani. Uzito 5.2. Dozi inaendelea hadi wiki ya 16, kisha itashushwa hadi kidonge kimoja kwa siku na kitambaa cheusi kitandikwe tena. Amepangiwa kufungwa kizazi, hivyo daktari ameshaambiwa kuhusu mafuta haya, maana huweza kuchelewesha damu kuganda.